Nani Amemsuka Raylene?

Winnipeg, 6 Septemba 2009

Mama,

Pokea salamu za mjini. Mimi sijambo, ni miguu tu inayolalamika. Tangu chuo kifunguliwe tunasimama wodini saa sita mfululizo, halafu tunarudi darasani kukaa na wasichana wa miaka kumi na tisa wanaoniita shangazi bila ruhusa yangu. Jirani wa chini bado anakaanga vitunguu alfajiri. Msalimie mama mdogo Olive, mwambie ile dawa ya goti niliyotuma ni ya goti lake, si ya mbwa.

Sasa habari ya Raylene. Najua nimekutwisha mzigo wa mwaka mzima nawe una miaka sitini na saba. Lakini ningefanyaje? Masomo, zamu, chumba kimoja, na mtoto wa miaka kumi anayekaa peke yake mpaka jioni. Kwa hiyo nisikilize. Dawa yake ya pumu iko kwenye mfuko wa mbele wa begi. Maziwa hanywi. Ni mbishi kidogo, usimkemee sana. Na akienda kulala amezoea kusuguliwa mgongo. Hilo najua si desturi yako, Mama, wala sikulazimishi. Mpe mto aukumbatie, atazoea. Mimi nilizoea.

Akikushinda, mwite Olive.

Binti yako,
Glenda


Ziwa la Jiwe Refu, 27 Septemba 2009

Glenda,

Mimi mzima. Raylene mzima. Olive mzima, goti halijambo. Chakula ni kizuri. Hali ya hewa ni nzuri.

Shule ameanza. Mwalimu anamsifu. Samaki ni wengi, tumekausha.

Dawa nimeiona. Maziwa simpi.

Mto aliukataa. Analala kwangu.

Mama yako,
Adelaide


Winnipeg, 18 Oktoba 2009

Mama,

Nimefaulu mtihani wa kwanza, ule wa dawa. Nimekuwa wa tatu, na wale watoto sasa wananiita shangazi kwa heshima kidogo. Baridi imeanza. Nimenunua koti la mtumba, kumbe mfuko mmoja umetoboka, nimeshapoteza funguo mara mbili.

Barua yako niliisoma mara moja tu, maana haikuwa na cha kurudiwa. Tangu niondoke nyumbani nikiwa na miaka kumi na saba unaniandikia barua hiyo hiyo. Mzima, mzima, kizuri, nzuri. Siku moja nitajiandikia mwenyewe nikuokolee stempu.

Raylene naye ametuma bahasha yake. Kurasa nne! Eti bibi anamwimbia wakiwa wanapara samaki. Eti bibi amemfundisha kuhesabu kwa Kikrii chetu mpaka hamsini. Eti bibi alicheka mpaka meno ya bandia yakaangukia mezani. Nikadhani mtoto amekosea nyumba. Mimi nilikaa nawe miaka kumi na saba na wimbo wako hata mmoja siujui.

Ndani ya bahasha kuna picha, aliipiga mwalimu. Raylene amesimama mlangoni kwako, ana misuko miwili, imebana, imenyooka, utepe mwekundu umepitishwa ndani yake. Nani amemsuka? Nauliza tu. Mkono wa Olive naujua, nilikaa chini yake kila asubuhi ya utoto wangu. Hii si kazi ya Olive.

Unakumbuka, Mama? Ukiniona nimeshika kitana ulikuwa unakichukua, unakiweka mezani, unatoka kwenda kupasua kuni. Hata kama kuni zimejaa mpaka dirishani. Nami navuka njia kwenda kwa mama mdogo, nywele zimesimama kama kiota, watoto wananizomea. Nikajiambia, Mama hajui kusuka. Shule ya bweni ya serikali ilimchukua kwa nguvu kabla hajafundishwa, si kosa lake. Nikakutetea hata kwa wenzangu.

Kumbe unajua.

Glenda


Ziwa la Jiwe Refu, 22 Novemba 2009

Glenda,

Ziwa lilikuwa linaganda. Ndege haikutua wiki tatu, barua za watu wote zilikaa ng'ambo. Olive alianguka kwenye ngazi, hakuvunjika, alitukana tu. Hongera kwa mtihani. Nilimwambia kila mtu dukani.

Raylene na Olive wametega sungura wawili. Wa kwanza Raylene alimlilia. Wa pili alimla. Kifua chake kizuri, hakohoi.

Umeuliza kuhusu nywele.

Mwaka huu theluji imewahi. Wanasema barabara ya barafu juu ya ziwa itafunguliwa kabla ya mwisho wa Januari.

Hilo koti ulilete nilishone mfuko.

Mama


Winnipeg, 3 Desemba 2009

Mama,

Hapa kwema. Nimehamishiwa wodi ya watoto. Nawasugua migongo watoto wa watu, wangu anasuguliwa na mtu mwingine. Habari ya theluji nimeipata, asante sana. Nimejifunza mengi.

Jumapili nilipiga simu ofisi ya baraza la kijiji kama kawaida. Raylene akaishika. Hatujamaliza hata salamu, akageuka pembeni akasema, "Mama, ngoja kidogo!"

Nikasema, "Nipo, nangoja."

Akasema, "Si wewe."

Halafu akacheka, akaniambia ulimi umeteleza. Nikacheka na mimi. Nilipokata simu nilikaa kwenye ngazi za jengo mpaka jirani wa vitunguu akaniuliza kama nimefiwa.

Sijui kama mtu anaweza kumwonea wivu mtoto aliyemzaa. Vitabu vyetu vya uuguzi havina ukurasa huo. Lakini namwonea wivu, haya, nimesema. Namwonea wivu kwa kitanda chako, kwa nyimbo zako, kwa huo utepe mwekundu. Na wewe pia nakuonea wivu, kwa kuwa yeye ni wangu na sasa anakuita jina langu. Nimebaki katikati, huku sina mama, huku sina mwana.

Nakuja tarehe 23. Mfungie nguo zake. Narudi naye mjini. Nitajua la kufanya.

Glenda


Ziwa la Jiwe Refu, 13 Desemba 2009

Glenda,

Nimempa rubani hii barua aje nayo mkononi.

Njoo, ule, ulale. Lakini usimchukue. Sijawahi kukuomba kitu.

Mama


Winnipeg, 10 Januari 2010

Mama,

Nilifika salama, ila rubani alitapikiwa na abiria wa mbele, na abiria huyo si mimi. Baridi hapa inakata pua. Asante kwa viatu vya ngozi. Vimenikaa barabara, sijui kipimo ulikitoa wapi.

Najua niliondoka siku mbili kabla ya siku yangu, na kuaga sikuaga vizuri. Huenda unadhani nilikasirika bure. Basi nitakuandikia nilichokiona mimi, uone kama ni bure.

Asubuhi ya Krismasi nilimwita Raylene, nikamwambia, "Njoo Mama akusuke twende kanisani." Akaja, akakaa. Sijamaliza hata kugawa nywele akaanza.

"Aa, Mama, unavuta! Bibi havuti."

"Bibi anafanyaje?"

"Anapuliza kwanza. Hapa, utosini."

Mama mdogo Olive akacheka. Wewe ulikuwa umeinama jikoni, hukugeuka. Nikasema, kwa mzaha kabisa, "Basi nenda kwa huyo bibi yako." Akaenda! Hakunitazama hata mara moja. Akakaa chini katikati ya magoti yako, ukafuta mikono kwenye aproni, ukampuliza utosini. Nikaona uso wako, Mama. Uso ule ulikuwa nao siku zote? Uliufungia wapi?

Ndipo nikauliza, mbele ya Olive, mbele ya mtoto, "Kwa nini si mimi?"

Ukasema, "Supu itaungua."

Sufuria ilikuwa imeshaepuliwa. Ilikuwa mezani, imefunikwa.

Olive akanivuta nje bila koti. "Mwache, Glenda. Muulize siku nyingine."

"Siku gani, mama mdogo? Nina miaka arobaini na tatu."

"Najua. Lakini si langu la kusema."

Kwa hiyo Olive anajua. Olive anajua, Raylene anapulizwa, na mimi nabaki na supu. Nilipomwambia mtoto afunge begi akaingia chini ya kitanda chako, akashika mguu wa kitanda, ikabidi niseme na visigino vyake. Sikutaka kumvuta. Katika ukoo wetu watoto walishavutwa vya kutosha kupelekwa kwenye ndege. Ndiyo maana nilimwacha. Usidhani umeshinda.

Glenda


Winnipeg, 21 Februari 2010

Mama,

Sijapata barua yako tangu niondoke. Mimi mzima. Chakula ni kizuri. Hali ya hewa ni nzuri. Unaona? Hata mimi naweza.

Olive alinipigia simu jana. Alitaka kunifurahisha, masikini. Akasema wale watu wanaokusanya ushahidi wa shule za bweni wamefika kwenu kwa barabara ya barafu, wakaweka viti ukumbini, na wewe ulikwenda. Akasema uliingia saa tatu asubuhi ukatoka saa sita. Ulisema yote, ulilia, na mwanamke mwenye kinasa sauti naye alilia, akakushika mkono, ukamwacha aushike.

Saa tatu nzima, Mama.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilikuuliza shuleni kulikuwaje, ukasema kulikuwa na jengo. Nilipopata mimba ya Raylene nikauliza tena, ukanipa samaki wa kupeleka mjini. Mwaka juzi serikali ilipoomba radhi kwenye televisheni, taifa zima likitazama, nilikupigia nikidhani leo atasema. Olive akaniambia ulizima ukaenda kuvua. Nikajifunza kwamba jambo hilo haliguswi, nikakuheshimu nalo.

Sasa anakuja mtu na kamashine, hajui hata jina la mbwa wako, unampa vyote. Yeye amekufanyia nini? Alikungoja miaka mingapi? Mtoto wangu nimekuazima, sawa. Lakini hilo lilikuwa langu. Kama lingetoka, lilipaswa kutoka kwangu kwanza.

Kazi yao wanaiita maridhiano. Mnaridhiana na nani, Mama? Mimi nimekaa hapa.

Usiniandikie habari za theluji.

Glenda


Ziwa la Jiwe Refu, 14 Machi 2010

Glenda, binti yangu,

Olive anakusalimu. Anajuta kwa ile simu. Raylene yuko shule, nimemwambia barua hii asiisome.

Nimeianza mara sita. Kila mara mkono unaandika mimi mzima, chakula ni kizuri. Kule shuleni, Jumapili mchana, sista aliandika barua ubaoni nasi sote tukainakili, ikatumwa nyumbani. Mzima, kizuri, nzuri. Ukiongeza neno lako, karatasi inachanwa na wewe hupati chakula cha jioni. Sikujua kwamba nimekuandikia barua ile miaka ishirini na sita. Raylene ndiye aliyeniambia. Alisoma begani kwangu akasema, "Bibi, hii si barua, hii ni fomu."

Ndege ilinichukua nikiwa na miaka sita. Mama yangu aliambiwa asiponitoa atafungwa. Sitaandika yote. Nitaandika moja tu, ndilo lako.

Nilipofika miaka kumi nilipewa kazi. Septemba, wakiletwa watoto wapya, mimi ndiye ninayewashika. Nakaa kwenye benchi, mtoto anawekwa katikati ya magoti yangu, namshika kichwa na mabega, sista anakata nywele. Nilichaguliwa kwa kuwa nilikuwa na mikono yenye nguvu, na kwa kuwa niliweza kuwaambia kwa Kikrii watulie. Niliambiwa nikikataa nitanyolewa mimi mpaka ngozi. Nikashika. Sijui wangapi.

Mwaka huo wakamleta Olive. Alikuwa na miaka sita. Kila kiangazi niliporudi nyumbani mimi ndiye niliyemsuka, macho ya mama yetu yalikuwa mabovu. Olive alikuwa analia mlangoni. Aliponiona kwenye benchi akanyamaza. Alikuja mwenyewe, hakuna aliyemsukuma. Akageuka, akakaa katikati ya magoti yangu, akasema, "Dada, nisuke vizuri, wananitazama."

Alidhani nimewekwa pale kwa ajili ya kumsuka.

Nilimshika.

Hakulia. Nywele zilikuwa mapajani mwake, akageuka akanitazama. Hakulia tena mpaka tulipoondoka shule ile.

Wewe ulizaliwa na nywele nyingi mpaka mkunga akacheka. Nilifurahi. Ulipofika miaka mitatu ukanipa kitana, ukageuka, ukakaa kati ya magoti yangu. Ulikaa vile vile. Nikatoka nje nikatapika nyuma ya kuni. Nikamwita Olive, nikamwambia, naomba uwe unamsuka wewe. Hakuuliza kwa nini.

Unasema una wivu. Nitakuambia wivu. Kuni nilikuwa nazipasulia mahali panapoonekana dirisha la Olive. Nilikuona umefumba macho, kichwa kimelala pajani pake. Nilimchukia dada yangu, na mimi ndiye niliyemtuma. Asubuhi nyingine nilishusha shoka nikasema sasa navuka, nakwenda kumwambia ni wangu. Nikapasua kuni. Ndiyo maana zilikuwa nyingi.

Umeuliza kwa nini Raylene. Raylene hakunipata kwa utamu, usidhani. Wewe nilikufundisha kukaa mbali nami ukafundishika, ulikuwa mtoto msikivu. Yeye hakufundishwa. Siku ya nne alinipa kitana, nikakiweka mezani nikatoka. Akanifuata. "Bibi, umesahau." Nikaenda kwenye kuni. "Bibi, umesahau." Nikaingia chooni, akasimama mlangoni, "Bibi, ukimaliza." Nilipokaa pumzi haikutoka. Nikapuliza ili tu nipumue. Yeye anadhani hiyo ni desturi yetu.

Wale wageni. Ni kweli niliwaambia. Kwa mgeni ni rahisi, Glenda. Akilia ataenda kulia kwao. Hakunihitaji niwe mama yake. Nilikuwa naijaribu sauti, nione kama itatoka, kabla sijaileta kwako. Imetoka. Nimeileta.

Mama


Winnipeg, 11 Aprili 2010

Mama,

Kwema huku. Theluji inayeyuka, barabara zote zimekuwa matope, jirani amebadili vitunguu kwa kabichi. Nimefaulu mitihani ya muhula.

Barua yako niliifungulia chumba cha mashuka hospitalini, ndipo pekee mlango unapofungika. Msimamizi alinikuta nimekaa sakafuni. Nikamwambia tumbo.

Nimetaka kuandika kwamba yamekwisha, kwamba sasa naelewa. Ndivyo inavyopasa mtu aandike. Lakini wewe hukuniandikia ya ubaoni, nami sitakuandikia ya ubaoni. Kwa Olive mdogo nililia, kweli. Kwa wewe wa miaka kumi nililia zaidi. Lakini nilipofika pale Raylene anakufuata mpaka chooni na kitana, nililia kwa ajili yangu. Kwamba kumbe ilitakiwa kufuata tu. Kwamba ningekufuata mpaka kwenye kuni. Nilikuwa na miaka mitatu, ningejuaje? Kila nikifika hapo namwonea wivu mtoto wangu upya, kwa ubishi wake tu. Na ubishi huo kautoa kwangu, nami nilikuwa nao, sikuutumia siku moja iliyotakiwa.

Basi, ndivyo nilivyo. Sijapona. Lakini nakusoma mara nyingi, si mara moja.

Nina swali, usilijibu kwa samaki. Olive ulishawahi kumwomba radhi?

Glenda


Ziwa la Jiwe Refu, 6 Juni 2010

Glenda, binti yangu,

Barafu imetoka, ndege zimerudi. Bata bukini walipita wengi, tulipata kumi na mmoja. Raylene alinyonyoa watatu akasema hatakula tena mpaka afe, akala jioni. Amefaulu darasa. Amerefuka, suruali zote zimekuwa fupi.

Sikuwa nimemwomba. Miaka hamsini na minane tunaishi njia moja, tunakopeshana sukari, na neno hilo halikupita. Barua yako niliikalia mwezi mzima. Halafu nikavuka.

Nikamwambia, "Olive, ile benchi."

Akasema, "Benchi gani?" Anaijua. Alikuwa anaosha kikombe, akakiosha tena.

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akasema, "Ulinishika sawasawa. Mwaka uliofuata yule msichana mwingine alilegea, mtoto akajitikisa, mkasi ukala sikio. Mimi masikio yangu yapo." Akayashika, akayavuta, kama mtoto.

Kisha akasema, "Kaa. Na mimi nina langu."

Sasa hili ananiruhusu nikuandikie. Alisema, "Glenda alipokuwa na miaka saba ulikuja mlangoni kwangu asubuhi moja, umeshika kitana. Nilikwambia nini?"

Nikasema, "Uliniambia ameshasukwa."

"Hakuwa amesukwa. Alikuwa ndani, anakunywa uji, nywele ovyo. Mimi sikujaliwa mtoto, Adelaide. Nilikuwa naye saa moja tu kila asubuhi. Nilikuona na hicho kitana nikaona unakuja kuichukua. Nikafunga mlango."

Nilikumbuka. Siku ile nilirudi nyumbani nikasema basi, nimechelewa, mtoto ana mtu. Sikujaribu tena.

Nikamwambia dada yangu wewe ni mwizi. Akasema ndiyo. Nilikuwa na hasira, bado ninayo kidogo, na nampenda. Akachemsha chai. Tulikunywa birika zima.

Anauliza kama utamsalimia tena.

Mama


Winnipeg, 11 Julai 2010

Mama,

Joto limepanda, mbu wamekuja wote kwa mkupuo, nadhani mmewatuma nyinyi. Mwezi huu nina zamu za mchana tu. Mwambie Olive salamu zangu, za kawaida, zisizo na sukari. Mwambie nimekasirika na nitakuja kumkasirikia ana kwa ana, aniwekee uji.

Barua yako ina mengi lakini mimi nimesoma moja. Ulikuja. Nilikuwa na miaka saba, nakunywa uji nyuma ya mlango, nawe ulikuwa upande wa pili umeshika kitana. Miaka thelathini na sita nimekuwa nikiwaza hukuja. Sijui niifanye nini habari hii. Naizungusha wodini. Namwekea mtu dripu, naikumbuka, naangalia dirishani.

Nakuja tarehe 9 Agosti, siku kumi, kisha Raylene narudi naye kama tulivyopanga. Atalia, nawe utalia, na mimi sijui nitakuwa upande gani. Lakini kabla ya hapo nina ombi. Ni ombi la aibu kwa mtu wa umri wangu, kwa hiyo naliandika haraka.

Raylene ahamie kwa Olive siku zote kumi. Alale huko, ale huko, kitana chake kiende huko. Asije hata kuchungulia. Nataka niwe na wewe peke yangu. Nywele zangu nilizikata fupi kama za mwanamume zamani, hakuna cha kusuka, wala sitaki tuigize. Nataka tu tukae nyumba moja, watu wawili, asiwepo mwingine wa kukuita. Ukisema supu itaungua, nitakufuata jikoni. Ukitoka nje, natoka. Nakuonya mapema.

Najua ni mtoto wangu ninayemfukuza. Mjue tu kwamba najua.

Glenda


Ziwa la Jiwe Refu, 1 Agosti 2010

Binti yangu,

Njoo.

Raylene nimemhamisha tangu jana, azoee. Alibeba nguo zake kwenye gunia la unga, akasimama katikati ya njia, akapiga kelele majirani wote wakatoka. "Si haki! Kwa nini yeye?"

Nikamwambia, "Ni mwanangu."

Akasema, "Na mimi?"

Nikamwambia wewe mjukuu, ngoja zamu yako. Hajanisemesha tangu hapo. Olive anasema amenuna, anakaa dirishani siku nzima akinitazama ninavyokufagilia chumba, na kila nikitikisa blanketi anaguna.

Ndege inatua ziwani saa nne. Mimi nitakuwa gatini kuanzia saa mbili.

Mama